Siku ya mabasi ya ghorofa: namna ya kuyaona, kuyapanda na kuyasikiliza

Kama unaishi Uingereza, au una ndugu huko na safari yako inaangukia kati ya Aprili na Septemba, tenga siku moja kwa ajili ya mabasi ya zamani ya ghorofa. Karibu kila wikiendi ya kiangazi kuna mahali ambapo mabasi yaliyostaafu miaka mingi iliyopita yanaletwa uwanjani yaking'aa, injini zinanguruma, na wenyewe wamesimama kando yake na tambara mkononi, tayari kukueleza kila kitu.

Mimi nimekulia Dar es Salaam enzi za mabasi ya kumbakumba ya UDA, shirika la usafiri la jiji. Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye mkusanyiko wa namna hii nilidhani nakwenda kutazama magari. Nikafika saa saba mchana, nikazunguka uwanja mzima nikipiga picha, nikarudi nyumbani bila kupanda hata basi moja. Ilikuwa hasara kubwa, na imenichukua misimu kadhaa kuelewa siku kama hiyo inavyopaswa kutumika. Nayaandika haya ili wewe uanzie pale nilipofika.

Chagua siku yenye safari

Mikusanyiko hii ni ya aina mbili. Ipo ambako mabasi yanaegeshwa kwa mistari na kubaki hapo mpaka jioni, na ipo ambako mabasi yanarudi kazini: yana ruti, yana ratiba, yanapakia na kushusha. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu kwa mwaka, chagua ya pili. Soma tangazo vizuri kabla ya kununua tiketi ya treni. Likisema kuna ratiba ya safari za bure au za tiketi ya siku nzima, hiyo ndiyo yako.

Safari ya London hadi Brighton ya Historic Commercial Vehicle Society, chama cha wapenzi wa magari ya kale ya kazi, iliyoanza mwaka 1962, hufanyika mwanzoni mwa Mei. Malori, magari ya zimamoto na mabasi huteremka kusini mpaka Madeira Drive, kando kabisa ya bahari. Ni nzuri kwa kutazama kuliko kwa kupanda. Brooklands, karibu na stesheni ya Weybridge, kuna makumbusho ya mabasi ya London ndani ya eneo la uwanja wa kale wa mbio za magari uliofunguliwa 1907, na siku zao maalumu mabasi hutoka kubeba watu. Ukiwa kaskazini, Manchester wana makumbusho yao Boyle Street, ndani ya depo ya zamani. Scotland nenda Lathalmond, karibu na Dunfermline.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya Imber. Imber ni kijiji kilicho katikati ya eneo la mazoezi ya jeshi, Salisbury Plain. Wakazi wake walihamishwa Desemba 1943 ili askari wa Marekani wafanyie mazoezi, na hawakuruhusiwa kurudi kuishi tena. Tangu 2009, karibu kila mwaka, siku moja ya kiangazi, kwa kawaida Jumamosi ya Agosti, mabasi mekundu ya Routemaster, yale ya ghorofa ya London, yanapakia watu mji wa Warminster na kuwapeleka huko, kupita nyika ambako siku nyingi za mwaka huwezi kukanyaga. Unashuka karibu na kanisa la Mtakatifu Giles, unatembea kidogo kati ya nyumba zisizo na madirisha, kisha unasimama kwenye kituo kusubiri basi lingine, kama vile kijiji bado kina watu. Sijaona mahali pengine ambapo basi la mjini linagusa moyo namna ile.

Vaa kwa ajili ya upepo

Mabasi haya hayana kipozeo, hita zake ni dhaifu, na mengi yako wazi nyuma. Hata Julai beba koti. Viatu viwe na soli inayoshika, maana ngazi ni nyembamba na jukwaa la nyuma likilowa linateleza. Usivae nguo nyeupe. Beba sarafu: kuna ndoo za michango, kuna chai, na wakati mwingine kuna konda mwenye mashine ya kale ya tiketi ambaye hapokei kadi.

Fika saa tatu asubuhi, usimame getini

Hili nalisisitiza. Basi linapoingia ndipo linapojieleza. Unalisikia kabla ya kuliona, unaona dereva anavyozungusha usukani mkubwa kwa mikono yote miwili, unanusa breki zilizopata joto. Baada ya saa nne na nusu yote yameshazimwa, na mbele yake pamejaa watu.

Lisome kabla ya kulipanda

Anza mbele. Mabasi mengi ya kabla ya miaka ya 1960 yana rejeta iliyo wazi, na rejeta ndiyo uso wa kiwanda. Nembo ya pembetatu ni AEC, waliokuwa Southall, magharibi mwa London. Ukiona juu ya rejeta kichwa cha mzawa wa Amerika aliyevaa manyoya, hilo ni Guy, la Wolverhampton. Rejeta yenye mikunjo sehemu ya juu ni Daimler.

Tazama namba. Tangu 1963 namba za Uingereza zilianza kupewa herufi ya mwisho kuonyesha mwaka: A ni 1963, C ni 1965, D ni 1966, na kuendelea. Kwa hiyo Routemaster yenye CUV na herufi C mwishoni ni ya 1965. Ila usiamini namba peke yake. Mengine namba zake za mwanzo ziliuzwa kwa sababu zina thamani sokoni, yakapewa nyingine.

Kisha simama mbele kidogo, upande wa kushoto, uone jambo muhimu kuliko yote: dereva yuko peke yake. Amekaa kwenye kibanda cha nusu upana, kulia, na kushoto kwake hakuna mtu, ni boneti na injini. Anapanda kwa mlango wake mwenyewe wa pembeni. Hapokei nauli, hajibu maswali, haoni nani anashuka. Mambo yote ya abiria yako nyuma kwa konda, kwenye jukwaa lisilo na mlango.

Hapo ndipo nasema sisi tuliokulia kwenye daladala tunaingia uwanjani na elimu ambayo watu wengi pale wanaisoma vitabuni. Tunajua konda ni nani. Tunajua basi lina watu wawili wanaofanya kazi kama mwili mmoja, mmoja anatazama barabara, mwingine anatazama watu. Leyland Atlantean, lililoanza kutengenezwa 1958, lilihamishia injini nyuma na mlango mbele, ubavuni mwa dereva. Mwaka 1966 sheria ikaruhusu basi la ghorofa kuendeshwa na mtu mmoja, na mji baada ya mji makonda wakaondolewa. Uwanjani mabasi ya aina hizo mbili mara nyingi huegeshwa jirani. Yatazame pamoja, kwa sababu nafasi ya ule mlango ndiyo iliyoamua kazi ya maelfu ya watu.

London ilichelewa. Routemaster, lililobuniwa kwa kazi ya dereva na konda, yalitengenezwa 2,876 kati ya 1954 na 1968, na lilibaki katika huduma ya kawaida mpaka tarehe 9 Desemba 2005, kwenye ruti ya 159. Mtangulizi wake, RT, aliketisha watu 56. Routemaster la kawaida linaketisha 64 bila kuwa zito zaidi, kwa sababu bodi ni ya alumini na halina chasisi kamili chini yake. Waliolibuni walitoka kwenye kazi ya kuunda ndege za vita, na ukigonga ubavu wake kwa kidole (omba ruhusa kwanza) utasikia ule wembamba.

Mwisho angalia kimo. Basi la kawaida la ghorofa lina urefu wa kwenda juu wa karibu mita 4.4, na Uingereza ina madaraja mengi ya reli yaliyo chini ya hapo. Kwa ruti hizo walitengeneza mabasi mafupi, na ufupi ulipatikana kwa kuteseka abiria: njia ya kupita ghorofani iliwekwa pembeni na kuzamishwa chini, siti zikawa benchi refu la watu wanne wanne, na mtu wa chini aliyekaa kulia akisimama ghafla anagonga kichwa kwenye njia ile ile. Bristol Lodekka lilimaliza tatizo hilo kwa kuishusha ekseli ya nyuma ili sakafu nzima ikae chini zaidi. Ukiyakuta yote mawili uwanjani, panda yote mawili. Utaelewa ufundi ule kwa shingo yako mwenyewe.

Wageni kutoka nyumbani huniuliza swali moja: halipinduki? Halipinduki kirahisi. Injini, ekseli na giaboksi vyote viko chini, na ghorofani ni mabati mepesi, vioo na siti. Kabla ya kukubaliwa barabarani, basi hulazwa upande kwenye jukwaa maalumu hadi nyuzi 28, ghorofani likiwa na uzito kama wa abiria waliojaa, na lazima lisianguke.

Panda mara tatu, kwenye siti tatu

Watu wengi wanakimbilia siti ya mbele ghorofani. Iache kwanza.

Safari ya kwanza kaa chini, mbele kabisa, upande wa kulia, nyuma ya kioo cha dereva. Kama ni RT, tazama mkono wake wa kushoto. Chini ya usukani kuna kijiti kidogo. Kabla ya kufika konani anakisogeza, na basi halibadiliki hata kidogo. Amechagua gia tu. Akifika pale anapoitaka, mguu wake wa kushoto unakanyaga pedali, na hapo ndipo gia inaingia. Anachagua mapema na kutekeleza baadaye, na dereva mzuri hufanya hivyo bila abiria kutikisika. Kama ni basi la zamani zaidi lenye giaboksi ya kawaida isiyo na msaada, utasikia injini ikishushwa, kimya kifupi, klachi ikikanyagwa mara ya pili, kisha gia inaingia. Madereva wetu wa malori wa zamani wangelitambua kabisa sauti ile.

Safari ya pili ndipo upande ghorofani. Panda basi likiwa limesimama, shika bomba kwa mkono, na usiachie mpaka uketi. Ngazi inapinda, na basi likianza kuondoka linakuvuta nyuma. Kaa mbele. Matawi ya miti yatapiga kioo usoni pako na utajikunja bila kutaka. Tazama pia rangi ndani ya Routemaster: kuta nyekundu iliyoiva, fremu za madirisha kijani, dari njano. Nyuma ya siti za mabasi haya utaona vibati vidogo vyenye mikwaruzo. Vilikuwa vya kuzimia sigara, maana ghorofani ndiko wavutaji walikokaa.

Safari ya tatu, na kwangu ndiyo safari yenyewe, kaa chini nyuma, kwenye siti ndefu ya ubavuni juu ya gurudumu, hatua moja kutoka jukwaani. Hapo unamwona konda akifanya kazi. Amesimama bila kushika kitu, mgongo kwenye kona ya ngazi, mashine ya tiketi kifuani. Kama ni mashine ya Gibson, iliyotumika London kuanzia 1953 hadi 1993, anazungusha magurudumu madogo kuchagua nauli, kisha mkono wa pembeni unageuzwa duara moja, na karatasi nyembamba inatoka ikiwa na wino mbichi. Ipokee kwa ncha. Ukiikunja haraka wino unahama.

Usiiguse kamba

Siku moja nilimchukua mpwa wangu wa miaka saba. Tuko kwenye RT, linapanda kilima, limejaa. Akaniuliza, "Mjomba, hii kamba ya darini ni ya nini?" Kabla sijajibu ameshaivuta. Ting. Moja tu. Dereva akaanza kupunguza mwendo kutafuta kituo, katikati ya mlima, na kulianzisha tena basi lile na mzigo ule kulimpa kazi.

Konda alikuwa mama mtu mzima. Alikuja akachuchumaa mbele ya mtoto, wala hakumfokea. Akamwonyesha vidole: kengele moja, simama kituo kinachofuata. Mbili, ondoka. Tatu, tumejaa, usisimame. Nne, hatari. Kisha akamwambia asubiri. Tulipokuwa tayari kuondoka alimnyanyua, akamwacha avute mwenyewe mara mbili. Ting-ting. Na lile dude la tani saba likaondoka kwa amri ya mkono wa mtoto.

Nilikumbuka makonda wa kwetu wanaogonga bodi kwa kiganja. Ni lugha ileile. Dereva hana njia nyingine ya kujua kinachoendelea nyuma yake, kwa hiyo kengele ni neno la mwenzake na hulitii bila kuuliza. Ndiyo maana mtu mwingine haruhusiwi kulitamka. Mweleze mtoto wako hilo kabla hamjapanda.

Zungumza na wenyewe

Hawa si wafanyabiashara. Wengi ni watu wanaojitolea, wengine walikuwa madereva, makonda au mafundi wa mabasi hayohayo. Usianze kwa kuuliza bei. Uliza: lilikuwa likifanya ruti gani? Mlilikuta wapi? Spea mnapata wapi? Swali la tatu huwafungua kabisa, kwa sababu kiwanda cha AEC kilifungwa 1979, na tangu hapo kila kifaa kinatoka kwenye basi lililochinjwa, kwenye stoo ya mtu, au kinachongwa upya.

Mzee mmoja alinifungulia kifuniko chini ya dirisha la basi lake, akaniambia niweke kidole ndani. Chini ya bati kuna fremu ya mbao. Nusu ya juu ya nguzo ilikuwa nyeusi kwa moshi na umri, nusu ya chini nyeupe, mpya. Ameikata ile ya kale kwa mshazari, akaifanyia mpya mshazari unaolingana, akaunganisha kwa gundi na skrubu. Maji hushuka ndani ya kuta na kukaa pale chini, ndipo mbao huozea. Alikuwa na nguzo nyingi kama hiyo, na nyingi alikuwa amezifanya mwenyewe, majira ya baridi, kwenye banda lisilo na moto.

Ukikutana na mtu wa RT, muulize kuhusu Aldenham. Hiki kilikuwa kiwanda kikubwa cha matengenezo cha London Transport, kilichofanya kazi mpaka 1986. Basi likiingia, bodi ilinyanyuliwa kwa winchi na kuachana na chasisi. Kila kimoja kilikwenda njia yake, na basi lilipotoka likiwa na namba ileile mara nyingi lilikuwa limevalishwa bodi ya basi jingine. Kwa hiyo basi analolipenda mtu kwa sababu "ndilo lililopita mtaani kwetu" huenda ni namba tu iliyopita pale. Nimesikia wazee wakibishana juu ya hili kwa saa nzima. Mimi naona basi ni ile kazi iliyofanywa chini ya namba ile, na hilo linanitosha.

Nairobi nayo iliwahi kuwa na mabasi ya ghorofa ya Kenya Bus. Kama mzazi wako aliyapanda, wasimulie hawa wenye mabasi. Wana njaa ya habari za mabasi ya Uingereza yaliyokwenda mbali, na wewe unaweza kuwa mtu wa kwanza kuwaletea simulizi ya abiria.

Picha, na meza za vitu vya kale

Piga kutoka mbele kushoto, ukichuchumaa kidogo, ili rejeta, kibanda cha dereva na ubavu vyote vionekane. Subiri watu wapite, usiwafukuze. Usisimame nyuma ya basi lenye injini inayonguruma. Dereva hakuoni kabisa.

Mezani utakuta tiketi za zamani, beji, ratiba na vitambaa vya majina ya vituo vilivyokuwa vikizungushwa mbele ya basi. Kitambaa ndicho ninachoshauri. Kikunjue chote kabla ya kulipa, maana nusu ya ndani huwa imechanika. Cha zamani ni kitambaa hasa, kizito, na herufi zina ukingo uliopauka.

Ubaki mpaka yaondoke

Kuanzia saa tisa alasiri mabasi huanza kurudi makwao, mengine yana safari ya muda wa saa nne kwa mwendo wa taratibu. Tafuta sehemu ambapo barabara nje ya geti inapanda, usimame hapo. Injini ikibeba mzigo mlimani ndipo sauti inatoka yote, na kila aina ina yake: Gardner hupiga taratibu, pigo moja moja unaloweza kulihesabu, na AEC hupanda sauti kama inaimba. Wapungie mkono, watajibu kwa honi. Kisha uwahi basi la mwisho la kwenda stesheni, ambalo ratiba yake uliipiga picha asubuhi, na ukae siti ile ndefu ya nyuma.